Simba na kiti cha kocha: kabla ya kuimba tena "aondoke", tuangalie tulikopita tangu 2019

Wadau, salaam. Wanasimba wenzangu hasa, naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Kila Mnyama, yaani Simba yetu, akipata sare mbili mfululizo, wimbo ni uleule: kocha aondoke. Safari hii anaimbiwa Steve Barker, aliyetua Desemba 2025 msimu ukiwa umeshashika kasi, akakabidhiwa kikosi kilichosajiliwa na kuandaliwa na watu wengine. Msimamo wangu nausema mapema: asiguswe mpaka msimu uishe. Na hata ukiisha, aguswe kwa sababu zinazoeleweka, siyo kwa hasira za usiku mmoja.

Rudini 2019. Patrick Aussems alitupeleka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari tukaenda Kinshasa, AS Vita wakatupiga 5-0. Mwanzoni mwa Februari tukaenda Misri, Al Ahly wakatupiga 5-0 nyingine. Mabao kumi ndani ya mechi mbili za ugenini, sisi hatujafunga hata moja. Mnakumbuka vijiwe vilivyokuwa vinawaka moto. Uongozi ungewasikiliza watu wa vijiweni, Aussems angekabidhiwa tiketi palepale uwanja wa ndege. Hakufukuzwa. Siku chache baadaye Al Ahly wakaja Taifa, Meddie Kagere akawafunga, 1-0. Machi wakaja AS Vita, wakatangulia kufunga, Mohamed Hussein akasawazisha, na Clatous Chama akamaliza kazi dakika za mwisho kabisa. 2-1, tukaingia robo fainali. Kocha yuleyule, wachezaji walewale waliokula tano mara mbili. Ile jeuri tunayotembea nayo Afrika nzima, kwamba kwetu hatoki mtu, mizizi yake iko kwenye msimu ule.

Novemba ya mwaka huohuo Aussems akaondolewa, tulipokuwa tumeshatolewa mapema na UD Songo wa Msumbiji. Akaja Sven Vandenbroeck, akachukua ubingwa. Sven akaondoka mwenyewe Januari 2021, akaja Didier Gomes, tukamfunga Al Ahly kwa bao la Luis Miquissone, tukaongoza kundi, na ubingwa tukautetea. Hapo ndipo tulipojifunza somo baya. Tukaamini kocha ni kitu cha kutoa na kuweka kama betri za redio. Hatukujiuliza kwa nini mambo yalikwenda. Yalikwenda kwa sababu kila kocha aliyeingia aliwakuta Manula, Kapombe, Mohamed Hussein "Tshabalala", Wawa, Chama, Bocco na Kagere, watu wanaojuana, anayejua mwenzake anataka pasi ya mguuni au ya mbele.

Agosti 2021 Chama akaenda RS Berkane na Miquissone akaenda Al Ahly. Kwangu mimi anguko letu lina mwezi wake, na mwezi wenyewe ni huo. Oktoba tukawafunga Jwaneng Galaxy 2-0 kwao Botswana, wakaja kwetu uwanja wa Mkapa, tukatangulia kufunga, kisha wakatupiga tatu kipindi cha pili. Tukatoka kwa sheria ya bao la ugenini: jumla ikiwa sawa, anapita aliyefunga mengi ugenini. Gomes akaondoka ndani ya siku hizo hizo. Sote tukapumua: tatizo limeondoka.

Sasa hesabuni waliofuata kutoka nje. Pablo Franco alikuja Novemba 2021, akafukuzwa Mei 2022 baada ya Yanga kututoa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani. Zoran Maki hakumaliza hata miezi mitatu. Juma Mgunda akaitwa kutoka Coastal Union kuja kuokoa jahazi, na akaliokoa, akatuingiza makundi Afrika. Robertinho akaja Januari 2023, akaondoka Novemba. Abdelhak Benchikha akaja mwezi huohuo, akaondoka Aprili 2024. Fadlu Davids msimu mmoja na kidogo. Dimitar Pantev Oktoba mpaka mwanzoni mwa Desemba 2025. Sasa Barker. Makocha saba wa kigeni baada ya Gomes, na katika misimu minne ya ligi, kuanzia 2021/22 mpaka 2024/25, kombe hatukuligusa hata mara moja.

Upande wa pili wa Kariakoo walifanya nini? Nasreddine Nabi aliingia Yanga Aprili 2021. Julai tukamfunga fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kigoma, bao la Taddeo Lwanga. Septemba Rivers United wa Nigeria wakamtoa Ligi ya Mabingwa, wakimfunga nyumbani na ugenini. Mwanzo mbaya kuliko huo utaupata wapi? Wangekuwa sisi, Nabi asingefika Oktoba. Wao wakamwachia, na kabla ya hapo walikuwa wameshamletea watu: Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala, Djuma Shaban, Fiston Mayele, Jesus Moloko. Msimu ule wakachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Mwaka uliofuata, Oktoba 2022, Al Hilal ya Omdurman ikawatoa tena Ligi ya Mabingwa, kelele zikarudi, wakamwachia tena. Wakashukia Kombe la Shirikisho Afrika, wakaenda Tunis wakamfunga Club Africain kwao, na wakafika fainali. Fainali ile waliipoteza kwa USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini tu.

Inaniuma kuwasifia watani. Lakini nitakuwa mnafiki nikiruka ukurasa huu.

Na sisi tulipotulia kidogo tulipata nini? Fadlu aliingia Julai 2024, na msimu huo akapewa kikosi kipya cha vijana: Ahoua, Mpanzu, Mukwala, Ateba, Camara langoni, Hamza na Karaboue nyuma. Akaachiwa msimu mzima. Al Masry wakatufunga 2-0 kwao, tukarudisha 2-0 kwa Mkapa na kuwatoa kwa penalti. Tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukaipoteza kwa Berkane. Ligi tukaipigania mpaka mechi ya mwisho, Juni 25, 2025, tukihitaji ushindi dhidi ya Yanga, tukafungwa 2-0. Hakuna kombe, nakubali. Ila kwa mara ya kwanza tangu 2021 niliiona timu ambayo leo unaijua kesho itachezaje. Septemba Fadlu akaenda Raja Casablanca, na tukaanza upya.

Kinachonishangaza kuhusu Barker ni hiki. Timu tuliyoitoa nusu fainali mwaka ule ilikuwa Stellenbosch yake. 1-0 Amaan kule Zanzibar, 0-0 Durban, na kule Durban tuliteseka. Alikuwa na klabu ile tangu 2017 ikiwa daraja la pili Afrika Kusini, akaipandisha 2019, akachukua nayo Carling Knockout 2023. Huyu ni mjenzi. Unamleta mtu ambaye sifa yake kubwa ni kujenga kwa miaka, halafu unamdai nyumba baada ya wiki kadhaa?

Karibuni. Hoja, siyo matusi.

#2, Mtani wa Jangwani

Umeandika vizuri mkuu, ila umeruka sehemu inayokusumbua. Msimu wa 2024/25 sisi tulikuwa na makocha watatu. Gamondi tulimwondoa Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, akaja Ramovic, Februari akaenda zake Algeria, akaja Hamdi. Ubingwa tukachukua. Hii ya "kocha apewe muda" inafia wapi hapo?

#3, mleta uzi

Mtani, asante, na sijaruka. Nilijua utakuja.

Kwanza, mlibadilisha makocha, hamkubadilisha timu. Diarra, Bacca, Job, Aucho, Mudathir, Max, Pacome, Aziz Ki, Mzize, Dube. Kikosi hicho ukikipa mtu yeyote mwenye akili timamu, kwenye ligi yetu kitashinda mechi nyingi. Ndiyo kilekile kilichotokea kwetu kutoka Aussems kwenda Sven kwenda Gomes. Kwa hiyo mfano wako unaniunga mkono: waliobeba ubingwa ni wachezaji na waliowasajili, kiti cha kocha kilikuwa kinazunguka tu.

Pili, gharama mliilipa, ila mliilipa Afrika. Msimu mmoja nyuma Gamondi aliwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mamelodi wakawatoa kwa penalti baada ya 0-0 mbili. Mkamwondoa katikati ya Novemba. Kabla mwezi haujaisha Ramovic akaanza makundi, Al Hilal wakaja kwa Mkapa wakawafunga 2-0, kisha MC Alger wakawafunga 2-0 kwao. Mlipokuja kushika mpira wa kocha mpya, pointi sita zilikuwa zimeondoka, na kundi hamkuvuka. Nyumbani unaweza kujifunza mfumo mpya huku unamfunga mtu 3-0. Mbele ya Al Hilal ya kocha Ibenge hakuna nafasi ya kujifunza.

#4, Kiungo Mkabaji

Mimi ni Simba damu na sikubaliani na wewe kuhusu Robertinho. Yule alipaswa kwenda. Hata tulipokuwa tunashinda mpira ulikuwa haueleweki. Zile 5-1 tulizopigwa na Yanga zilifunua kilichokuwa kimefichwa na matokeo.

#5, mleta uzi

Mkuu, hapa ndipo pananiuma zaidi, niruhusu nirefushe.

Novemba 5, 2023. Kabla ya siku ile Simba ilikuwa imecheza mechi sita za ligi na kushinda zote sita. Wiki kadhaa nyuma tulitoka sare mbili na Al Ahly kwenye African Football League, 2-2 hapa na 1-1 Cairo, tukatolewa kwa bao la ugenini. Msimu wa nyuma yake yuleyule Robertinho alitufikisha robo fainali na kumfunga Wydad 1-0 hapa, tukatoka kwa penalti kule Casablanca. Haya ni matokeo ya kocha anayefeli?

Mechi yenyewe, mpaka mapumziko ilikuwa 1-1. Musonda alifunga mapema, Kibu akasawazisha. Mabao manne yalikuja baada ya saa moja ya mchezo, na yote yalianzia katikati. Tulikuwa tunapoteza mpira, viungo hawarudi kwa wakati, na Max na Aziz Ki wanawakuta mabeki wetu uso kwa uso. Mimi nilitoka uwanjani nikisema tunahitaji kiungo mkabaji mwenye mapafu. Jina lako hapa jukwaani ni hilohilo, utanielewa. Dirisha dogo la usajili lilikuwa wiki chache mbele. Tatizo lilikuwa na dawa inayojulikana.

Badala yake, siku mbili baadaye kocha hayupo. Akaletwa Benchikha, na wasifu wake haukuwa na doa: mwaka uleule alikuwa ametwaa Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, tena mbele ya Yanga, na Super Cup mbele ya Al Ahly. Huwezi kusema tulileta garasa. Ila hata yeye alikuta wachezaji wa mtu mwingine, katikati ya msimu, na makundi ya Afrika yameshaanza. Tuliwapiga Jwaneng 6-0, tulifurahi sana usiku ule, tukaingia robo fainali. Kwenye ligi tukawa tunasuasua, na Aprili akaondoka kwa sababu za kifamilia kama klabu ilivyotangaza. Mgunda akaitwa tena. Tukamaliza wa tatu, pointi sawa na Azam, wao wakatupita kwa tofauti ya mabao. Nafasi ya Ligi ya Mabingwa ikaenda kwao Chamazi.

Watu wanaoita mabadiliko ya katikati ya msimu "kuamsha timu" naomba wafikirie beki wa kati mmoja tu. Miezi mitano amefundishwa mpira ukipotea apandishe mstari, awabane wapinzani kwenye nusu yao. Kocha mpya anakuja anasema hapana, mpira ukipotea shuka, kaa karibu na kumi na nane. Mazoezini anaelewa vizuri kabisa. Dakika ya 60 ya mechi, amechoka, mpira unapotea katikati, mwili unafanya ulichozoea: yeye anapanda, mwenzake anashuka, straika anapita katikati yao. Kesho yake sisi wote tunamtukana kipa.

#6, Bi Mkubwa wa Msimbazi

Mwanangu umenena, na hayo ya beki nimeyaona kwa macho yangu. Mimi swali langu ni moja. Kama kila wakati anayetuokoa ni Mgunda au Matola, makocha wetu wazawa, kwa nini wasipewe timu moja kwa moja tukaacha kuhangaika na wazungu?

#7, mleta uzi

Shikamoo mama. Swali lako ni la haki, na nadhani viongozi wanalikwepa.

Mgunda alichukua timu mara mbili ikiwa imevurugika na mara zote mbili aliituliza. Matola anaijua klabu hii kuliko kocha yeyote aliyekuja kwa ndege, aliichezea kabla ya kukaa benchi lake. Kama wangepewa mkataba mrefu, wakasajiliwa wachezaji wanaowataka wao na wakalindwa pale wanapofungwa, ningewaunga mkono bila kusita. Ninachokipinga ni hiki tunachowafanyia: kuwaita nyumba ikiungua, na moto ukizimika kuwarudisha nyuma ya mgeni. Na naogopa kwamba siku wakipewa rasmi, sisi mashabiki tutawavumilia muda mfupi kuliko tunavyomvumilia mgeni. Mnajua lugha inayotumika kwa makocha wazawa wakipoteza mechi moja.

#8, Kipenga cha Mwisho

Kwa hiyo kwako kocha hafukuzwi kamwe? Hata timu ikishuka daraja?

#9, mleta uzi

Hapana mkuu, kocha anafukuzwa. Niseme ni lini, kwa jinsi ninavyouona mpira.

Mimi huangalia dakika za mwisho tukiwa nyuma. Winga akipoteza mpira, anarudi kukaba au anasimama ameshika kiuno akimwangalia mwamuzi? Akiitwa wa kutoka, anampita kocha bila kumpa mkono? Hayo yakitokea mechi moja ni hasira. Yakiwa ya kila wiki, na kwa wachezaji wengi, basi kocha ameshapoteza vyumba vya kubadilishia nguo, na hata umpe miaka mitano hatarudi. Huyo aondoke haraka, hata kama anaongoza ligi.

Pia yule anayefungwa bao la aina moja kila mechi na habadilishi kitu. Krosi ya nyuma ya beki wa kulia, wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita. Huyo naye hanifundishi uvumilivu, ananifundisha kwamba hafanyi kazi yake.

Nje ya hapo, subirini msimu uishe. Mwezi wa sita kuna muda wa kutafuta mtu kwa utulivu, mgeni anaanza kambi na timu tangu siku ya kwanza, na anaketi na viongozi kabla ya usajili. Na kuna suala la fedha ambalo mashabiki hatulitaji. Ukivunja mkataba wa kocha unapaswa kumalizana naye na wasaidizi aliokuja nao. Usipomalizana naye anakwenda FIFA, na FIFA ikiamua alipwe na wewe ukakaa kimya, unafungiwa kusajili. Hela ya kumlipa mtu akae nyumbani kwake ni hela ambayo ingeleta yule namba sita, kiungo mkabaji, tunayemlilia.

Upande wa viongozi nina madai mazito zaidi kuliko kwa kocha. Watuambie Simba inataka kucheza mpira gani, bila kujali nani kakaa benchi. Fadlu alikuwa na mpira wake, Pantev akaja na wa kwake, Barker ana wa kwake, na katikati ya wote hao wachezaji wanasajiliwa na kuachwa kana kwamba kila kocha ni klabu mpya. Klabu ikishajua mpira wake, inatafuta kocha anayefanana nao na mchezaji anayefanana nao, na siku kocha akiondoka, awe amefukuzwa au amefuata dau kubwa Morocco, anayekuja hakuti kifusi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosema Barker aondoke leo, nawaomba kitu kimoja hapa kwenye uzi. Tajeni jina la anayekuja. Semeni anacheza mfumo gani, na katika kikosi tulicho nacho ni nani anaufaa mfumo huo na nani atakaa benchi. Mwenye majibu hayo ayaweke, tumjadili mtu wake kwa heshima zote.